Mwanamke wa Kituo cha Mvuke

Sekela alisimama nyuma ya kioo akimsikiliza mumewe akizungumza na mwanamke mwingine, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba mumewe alikuwa anazungumza.

Nyumbani Ambokile alikuwa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "chumvi iko wapi". Miaka yote ya ndoa yao Sekela alimchokonoa kwa maneno akaambulia mguno. Leo mwanamume yuleyule amejinyoosha kwenye kiti kirefu cha Nyumba ya Kumbukumbu, jani limebandikwa kwenye paji lake la uso, na maneno yanamtoka kama hayana mwenyewe. Tena yanamtoka mbele ya Bupe, binti ambaye juzi tu hakujua hata jani linashikwa upande gani.

"Nieleze asubuhi hiyo," Bupe alisema, kisha akanyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kulikomfanya Sekela amwonee kijicho. Waulizaji wengi huogopa kimya, wakarusha neno la pili kabla la kwanza halijatua. Bupe alikaa tu, mikono mapajani, kana kwamba alikuja kupumzika.

"Mvua inanyesha," Ambokile alisema. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakutazama kitu. "Mvuke unatoka kwenye mabomba, unakutana na mvua, huoni mbele. Nimesimama langoni. Namsubiri mtu."

Jani lililokuwa la kijani lilianza kugeuka njano.

"Endelea."

"Moyo unanienda mbio. Nacheka peke yangu kama chizi. Mtu mzima mimi, nimechana nywele mara mbili!"

"Ni nani?" Sekela alinong'ona nyuma ya kioo, pumzi yake ikikitia ukungu. "Muulize ni nani, wewe mtoto!"

Bupe hakuuliza. "Kuna nini kingine hapo?" alisema.

"Nasikia anakuja. Simwoni uso." Ambokile alikunja paji la uso, akatikisa kichwa. "Mvuke tu."

Njano ilififia, jani likarudi kijani. Bupe alilibandua taratibu kwa ncha za vidole, akamfuta Ambokile jasho, akamwambia amefanya vizuri sana. Hilo la kumfuta jasho nalo Sekela alilitia moyoni.

Bomba la kituo cha mvuke alikofanya kazi, pale chini ya mlima Rungwe, ndilo lililomharibia mumewe. Lilipasuka, likamrusha ukutani. Hakuungua, hakuvunjika, ila kumbukumbu ya masika yote ilifungika kichwani mwake kama chumba kilichopotezewa ufunguo. Ndiyo maana aliletwa kwenye jani. Jani ni uyoga uliooteshwa maabara, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kazi yake ni kulainisha kilichofungika. Kumbukumbu ikilainika huwa kama saruji mbichi: chochote kikiikanyaga kinaacha alama, na ikishakauka ndiyo basi. Jani likiwa kijani, kumbukumbu imelala. Likiwa njano, imelainika. Likigeuka jeupe, imekauka, na hivyo ilivyokauka ndivyo mtu atakavyokumbuka mpaka kaburini.

Na kinachoikanyaga ni swali.

Sekela aliwafundisha waulizaji wengi wa Tukuyu, na Bupe akiwa mmojawao. Aliwafundisha swali la mlango, lile la "nieleze" na "ilikuwaje": unaufungua, unakaa pembeni, mwenye nyumba anatoka na anachotaka yeye. Aliwafundisha swali la komeo, la "ndiyo au hapana", ambalo hutumika mwishoni tu, kukifunga kile ambacho mgonjwa ameshakisema kwa kinywa chake ili kisipotee tena. Na aliwaonya juu ya swali la kamba. Hilo huja na jibu tumboni mwake na "sivyo?" mkiani. Limeruhusiwa mahali pamoja tu, pale mgonjwa anapozama kwenye hofu akashindwa kurudi. Hapo unamrushia: umeshafika nje sasa, sivyo? Unamvuta kama anayezama mtoni. Mahali pengine popote ni kosa la kufukuzwa kazi, kwa sababu aliyevutwa hajui kama alivutwa. Yeye anakumbuka, na yuko tayari kuapa.

Mke naye haruhusiwi kumuuliza mumewe. Sheria hiyo Sekela ndiye aliyeipigania kwa nguvu zake zote, enzi zile alipokuwa na akili.

*

Alimkuta Bupe barazani na kikombe cha chai.

"Shikamoo, Dada Sekela."

"Marahaba. Kwa nini hukumuuliza ni nani?"

Bupe aliweka kikombe chini. "Hakuwa amemwona bado."

"Ungemsaidia."

"Dada, si wewe uliyetufundisha? Ukimtaka jina kabla hajauona uso, atakupa jina lolote lililo karibu. Atajaza pengo ili asikuudhi. Ulisema wenye adabu ndio hatari zaidi."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Na shemeji ana adabu sana."

Sekela alitaka kumwambia kwamba adabu ya huyo shemeji yake anaijua yeye anayemfulia soksi. Badala yake alisema, "Nipe mimi kiti kesho. Mara moja tu. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi," Bupe alijibu kwa upole, na upole huo ulimchoma Sekela kuliko tusi. "Kesho nitamrudisha pale langoni. Atamwona akiwa tayari, na akishamwona atakuambia mwenyewe."

Papo hapo kikapu cha waya, kile kinachosafirisha abiria juu ya nyaya, kilitua kwenye kizimba chake mbele ya baraza, mlango ukafunguka, akashuka Ikupa.

Ikupa alisoma mita pale kituo cha mvuke, chumba kimoja na Ambokile. Alikuwa na kicheko kinachotangulia kufika kabla ya yeye mwenyewe, na tangu ajali itokee hakukosa kuja na chupa ya uji wa ulezi.

"Pole, wifi," alisema, akimkumbatia Sekela kabla hajakubaliwa. "Kaka yetu anaendeleaje?"

Wifi! Nani aliyempa kaka huyu? Sekela aliipokea chupa kama anayepokea nyoka. "Mume wangu anaendelea," alisema.

"Kituoni tumepooza bila yeye, jamani. Nani mwingine wa kutuchekesha?"

Sekela alimtazama. Ambokile, kuchekesha watu? Ambokile wa chumvi iko wapi?

Ikupa alipoondoka, Sekela aliumwaga uji kwenye maua, akabaki ameshika chupa tupu huku roho ikimuuma kweli kweli. Aliona wivu, na hakujificha kwamba ni wivu. Hakumwonea Ikupa wivu kwa sababu ya ujana wake wala nywele zake. Alimwonea mwanamke yeyote aliyesubiriwa langoni kwenye mvua na mwanamume aliyechana nywele mara mbili. Yeye hakuwahi kusubiriwa hivyo, hata siku ya harusi, maana siku hiyo bwana harusi alichelewa. Akaunganisha lango, mvuke, chumba kimoja cha kazi na kicheko kile, akapata jibu lake pale pale barazani. Kilichobaki ni Ambokile kulitamka.

*

Kesho yake jani lilikuwa limeshaiva njano, na Ambokile ameshafika langoni, ndipo ukelele uliposikika kutoka chumba cha pili. Mgonjwa mmoja, mzee aliyenusurika kwenye maporomoko ya udongo, alikuwa amezama kwenye hofu, na muulizaji wake mgeni alishindwa kumtoa. Bupe aliinuka. Hakuweza kulibandua jani, kwa kuwa kulibandua likiwa njano ni kumchana mtu akili. Alifungua mlango wa kioo.

"Dada, kaa naye. Mshike mkono tu. Usimuulize kitu, nakuomba."

"Nenda," Sekela alisema.

Akakaa. Mkono wa mumewe ulikuwa wa moto. Alikusudia kumshika tu, hilo na lisemwe kwa haki yake. Lakini kiti kilikuwa chake miaka mingi kabla ya kuwa cha Bupe, na kilimpokea kama nguo ya zamani. Akajiambia atafanya kazi safi kuliko yule binti. Atauliza kwa utaratibu, mlango kwanza.

"Ambokile," alisema, maana hapo ndani mgonjwa huitwa kwa jina lake tupu. "Nieleze unachokiona."

"Lango. Mvua. Anakuja."

Hapo mwalimu yeyote angenyamaza, na Sekela alijitahidi kunyamaza. Alisikia mvua ya kweli ikigonga bati, akasikia Bupe upande wa pili akimwambia mzee wa watu, "Umeshafika juu, sivyo? Umekanyaga jiwe kavu, sivyo?" na mzee akianza kuhema taratibu. Kimya kilimshinda.

"Ni mwanamke?"

"Mwanamke, ndiyo."

"Unampenda?"

"Sana," Ambokile alisema, akatabasamu.

Sekela hakuwahi kuambiwa "sana" hata kwa bahati mbaya.

"Mnakutana hapo kituoni?"

Ambokile alisita. "Hapo... ndiyo. Hapo."

"Ni Ikupa, sivyo?"

Alijisikia akilisema, tena kwa sauti tamu, sauti ya kumwokoa mtu anayezama. Paji la uso la Ambokile likakunjamana chini ya jani. Kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu aliyepewa koti lisilo lake, anayetafuta namna ya kulirudisha bila kumuudhi aliyempa. Kisha mikunjo ikatoweka, akashusha pumzi kwa shukrani.

"Ikupa," alisema. "Ndiyo. Ni Ikupa."

Ni aibu kusema, lakini Sekela alifurahi. Alipata ile furaha chungu ya mtu aliyekuwa akishuku, akaambiwa si wazimu. Hakuifaidi sana.

"Sasa namwona," Ambokile aliendelea, sauti ikichangamka. "Kavaa gauni la kijani, limelowa mpaka magotini. Kavua viatu kwa sababu ya tope, kavishika mkononi, anatembea peku kama mtoto. Amebeba bakuli, kalifunika kwa kitenge. Ndizi na maharage. Zimeungua chini kidogo, hataki niseme. Katia pilipili makusudi, halafu ananitazama machozi yakinitoka, anacheka mpaka anashika mbavu. Tumekaa juu ya bomba la joto, tunakausha miguu. Ananiambia, 'Mzee, leo umechana nywele?'"

Sekela aliachia mkono.

Gauni lile la kijani lilikuwa lake. Ndizi zile aliziunguza yeye, kwa sababu alikuwa akiongea na mtoto wao Lugano kwenye simu. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na asubuhi alimwambia mumewe, bila kumtazama, kwamba huenda akamletea chakula kazini. Mumewe aliguna. Akashuka na kikapu cha waya, akatembea peku kwenye tope, wakala juu ya bomba wakiwa wamebanana. Alipoondoka Ambokile alimwambia "asante", basi. Sekela alirudi nyumbani akafua gauni, akaisahau ile siku, maana hakuiona kuwa siku ya kukumbukwa.

Kumbe mwenzake alikuwa langoni tangu asubuhi, moyo unamwenda mbio.

"Ni mimi," alisema bila sauti. Jani lilikuwa limeanza kuwa jeupe pembezoni, na weupe ulikuwa ukielekea katikati. Palibaki duara dogo la njano. Angeweza kurusha kamba nyingine: ni Sekela, sivyo? Lakini aliwahi kumwona mtu aliyevutwa kwa kamba mbili kwenye kumbukumbu moja. Alimwita mama yake mzazi kwa majina mawili, halafu akawa hana hata jina moja la kumwita. Sekela alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Duara likajifunga.

Bupe aliingia akihema, kanga imemlegea. Alitazama jani kwanza, halafu akamtazama mwalimu wake.

"Limekauka."

"Limekauka lenyewe."

"Dada, ulimuuliza kitu?"

Angesema ndiyo, joho lake la kazi angelivua siku hiyo hiyo, na hilo alikuwa radhi nalo. Lakini sheria ilitaka pia kumbukumbu iliyotiwa kamba ioshwe yote, na ikioshwa hii itaondoka na masika mazima. Lango, mvua, pilipili, nywele zilizochanwa mara mbili, vyote vingeyeyuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Sekela alijua kwamba alipendwa sana, na mahali pekee penye ushahidi huo ni ndani ya kichwa hiki. Kuuacha ubaki na sura ya Ikupa, au kuufuta kabisa? Akajidanganya kwamba nyumbani, taratibu, ukweli utajirekebisha wenyewe.

"Sijamuuliza kitu," alisema.

Bupe alinyamaza, kile kimya chake. Sekela, aliyemfundisha kunyamaza, alikivumilia mpaka mwisho.

*

Ambokile aliruhusiwa kurudi nyumbani, na nyumbani hakuguna tena. Alikuwa mkimya kwa namna nyingine, ya mtu mwenye mzigo. Alimsaidia Sekela kuosha vyombo. Alimsifia mboga. Kila wema wake ulimwongezea Sekela hofu, mpaka mchana mmoja wa Jumapili, walipomaliza kula, akamvutia kiti.

"Kaa, Mama Lugano. Nina jambo."

Akakaa.

"Kuna siku moja nimeikumbuka," Ambokile alisema, akiitazama meza. "Ningeweza kukuficha. Sitaki."

Akamsimulia. Alisimulia lango na mvua, gauni la kijani lililolowa, viatu mkononi, ndizi zilizoungua. Alisimulia vizuri, bila kuulizwa, na uso wake ulipofika kwenye pilipili ulijisahau ukacheka. Sekela alisikiliza siku yake ikipewa mwanamke mwingine kipande kwa kipande, na wivu ukampanda upya, mkali kuliko wa kwanza. Alimwonea Ikupa wivu kwa miguu ile iliyokaushwa juu ya bomba. Alijua ni miguu yake mwenyewe, na bado akaona wivu.

"Zaidi ya hiyo siku sikumbuki kitu," Ambokile alimalizia, machozi yakimlengalenga. "Nilimpigia Ikupa kumuuliza. Anakataa katakata, ananiambia nimepata wazimu. Nadhani anailinda ndoa yangu. Nisamehe, mke wangu."

"Baba Lugano, hakuna cha kusamehe. Aliyekuja ni mimi."

Ambokile aliinua macho.

Sekela alikimbilia chumbani, akarudi na gauni la kijani, akalitandaza juu ya meza katikati ya sahani. "Si hili? Ndizi niliziunguza mimi, Lugano alikuwa kwenye simu, muulize! Nilikuambia asubuhi nitakuletea chakula, ukaguna. Ulikuwa unanisubiri mimi, Ambokile. Halafu ukiwa kwenye jani nikakutia maneno mdomoni. Nilikuuliza kama ni Ikupa. Nilikuwa na wivu. Ni mimi niliyemweka pale."

Alisema yote, hata uongo aliomwambia Bupe, hata uji aliomwaga. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akalikunja gauni kwa uangalifu, akamshika mkono, na Sekela akaona machoni mwake kitu alichowahi kukiona kwa ndugu wa wagonjwa. Ilikuwa huruma.

"Usijibebeshe kosa langu," alisema.

"Si kosa lako! Haya, twende tukaeleze. Wataiosha, tutaanza upya, nitakusimulia mimi ilivyokuwa."

"Waioshe?" Ambokile aliurudisha mkono wake. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ngumu. "Hapana. Masika yangu yote nimebaki na siku hiyo moja. Hiyo siitoi."

"Lakini nilikuwa mimi!"

"Sekela. Namwona uso wake, nakuambia. Namwona kama ninavyokuona wewe hapa."

Sekela alijua kila aina ya swali duniani na hakuna hata moja lililobaki la kumuuliza. Ambokile alimfuta machozi kwa kidole gumba, taratibu, kwa upendo ambao angeulilia miaka yote ile kama angejua upo.

"Hata mimi," alimwambia, "natamani ungekuwa ni wewe."